Nyumba Ambayo Msitu Ulishailipia



Nina hoja moja jioni ya leo. Nyumba kuukuu iliyosimama katikati ya msitu ilishalipiwa na msitu huo. Miti ya kenchi zake ilikatwa zamani, kilima kikasawazishwa, njia ya kufikia ikapasuliwa, mawe ya msingi yakachimbwa hapo hapo. Gharama hiyo hairudishiki. Lililo mikononi mwetu ni kuhakikisha kwamba msitu haulipishwi mara ya pili. Basi anayetaka kuigeuza nyumba ya namna hiyo iwe mahali pa kulala wageni wanaokuja kutazama ndege, miti na vipepeo, kila uamuzi wake, kuanzia lipu hadi idadi ya vitanda, aupime kwa swali hili: je, hapa nauomba msitu tena?

Mfano wangu ni Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, wilayani Muheza. Sijui mahali pengine nchini ambapo majengo ya kale na msitu vimeshikana kiasi kile. Wajerumani walianzisha pale taasisi ya utafiti wa biolojia na kilimo mwaka 1902. Walijenga maabara na nyumba za wataalamu, wakafungua bustani ya mimea, wakaleta mamia ya aina za miti kutoka nchi za joto duniani kote. Kati ya 1904 na 1910 reli nyembamba ilijengwa kutoka Tengeni, kwenye njia kuu ya Tanga, ikapanda kwa kilomita 23 hivi hadi Sigi ili kuteremsha magogo. Waingereza walipochukua nchi wakaendeleza utafiti wa kilimo. Mwishoni mwa miaka ya 1940 kazi hiyo ikahamia Kenya, na Amani ikawa makao ya utafiti wa malaria. Baadaye shughuli nyingi za watafiti wa magonjwa zikateremka Muheza mjini. Majengo yakabaki juu, na pamoja nayo watumishi wachache walioendelea kufagia, kufyeka na kufunga madirisha mvua inapokuja.

Mwaka 1997 eneo hilo lilitangazwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, lenye zaidi ya hekta 8,300. Miaka hiyo, kwa msaada wa serikali ya Finland, kulikuwa na mradi wa kuhifadhi misitu ya vyanzo vya maji ya Usambara Mashariki, na pale Sigi nyumba ya zamani ya mkuu wa stesheni ikakarabatiwa kuwa kituo cha kupokelea wageni. Reli ilishaondoka, ila nyumba ikapata kazi mpya. Leo mgeni anayepanda kutoka Muheza hupita hapo kwanza, huelezwa njia za kutembea, kisha huchagua kulala Sigi au kupanda kilomita chache hadi Amani kwenyewe, mita 900 hivi juu ya usawa wa bahari. Nauheshimu sana uamuzi ule. Ingekuwa rahisi kuiacha nyumba ile iporomoke na kufyeka kiwanja kipya kando yake.

Tuseme sasa mmepewa nyumba kama ile. Imekaa miaka 20 bila mtu. Mnaanzaje?

Anzeni kwa kukaa nayo masika nzima kabla fundi hajapanda ngazi. Mvua ndiyo mkaguzi wa kwanza. Itaonyesha maji yanakoingilia, yanakotuama, ukuta upi unalia na upi unabaki mkavu. Katika miezi hiyo hiyo tazameni nani wengine wanaishi humo: popo wangapi darini, mbayuwayu gani chini ya upenu, vichuguu vya mchwa vinapanda upande gani. Kagueni pia vitu vya hatari vilivyoongezwa baadaye. Majengo mengi yaliyofanyiwa matengenezo katikati ya karne iliyopita yaliezekwa kwa asbesto. Paa la namna hiyo halikatwi kwa msumeno wala halitobolewi. Huondolewa likiwa limelowanishwa, na watu wenye vifaa vya kujikinga, kwa utaratibu wa mamlaka ya mazingira. Rangi ya zamani nayo huenda ina madini ya risasi, kwa hiyo msiikwangue ikiwa kavu mkavuta vumbi lake.

Kisha kuta. Hapa niwieni radhi nikikaa kitambo, kwa kuwa ndipo nyumba nyingi za kale zinapouawa na watu wanaozipenda. Ukuta wa mawe uliojengwa kwa chokaa hunyonya unyevunyevu wakati wa mvua na kuutoa jua likitoka. Fundi wa leo akiona lipu imebanduka, huikwangua yote akapiga saruji. Kwa mwaka wa kwanza nyumba inapendeza. Halafu saruji, ambayo ni ngumu kuliko ukuta ulio nyuma yake, inapata nyufa nyembamba kama unywele. Maji yanaingia kupitia nyufa hizo na hayana pa kutokea. Yanapanda ndani ya ukuta, yanafika kwenye ncha za boriti zilizozikwa humo, na boriti inaoza mahali ambapo hakuna jicho linaloona. Siku dari linaposhuka, watu husema nyumba ilikuwa imezeeka. Nyumba ilizibwa pumzi.

Dawa ni chokaa, na chokaa inataka subira. Chokaa iliyochomwa huzimuliwa kwa maji, ikaachwa ndani ya shimo au pipa kwa majuma mengi hadi iwe laini kama siagi. Huchanganywa na mchanga msafi, kwa kawaida sehemu 1 ya chokaa kwa 3 za mchanga, ikapigwa kwa matabaka membamba, na kila tabaka hufunikwa kwa magunia yaliyoloweshwa ili lisikauke haraka. Pwani yetu inaijua kazi hii tangu karne nyingi. Misikiti ya Kilwa ilisimama kwa chokaa ya matumbawe, na Mji Mkongwe wa Zanzibar bado una mafundi wanaoiweza. Jengo la Dispensari ya Kale kwenye Barabara ya Mizingani lilirekebishwa katika miaka ya 1990 kwa ufundi huo. Aliye Muheza hana haja ya kutafuta mtaalamu kutoka Ulaya. Boti ya Unguja inatosha. Akishamleta fundi, amweke pamoja na vijana watatu au wanne wa kijiji, ili ukuta ukihitaji kiraka baada ya miaka mitano pawe na mtu wa kuitwa.

Mbao ni kishawishi kikubwa zaidi. Boriti imeoza, na mvule umesimama mita 50 kutoka hapo. Swali langu la mwanzo linajibu lenyewe. Boriti iliyooza ncha haitupwi. Hukatwa sehemu mbovu, ikaungwa kipande kipya kwa kiungo cha mshazari na boliti. Mbao mpya zikihitajika, ziwe za msaji au za mashamba mengine ya kupandwa, zenye hati ya kusafirishia mazao ya misitu. Mchwa nao tusiwakimbilie kwa sumu. Dieldrini, iliyomwagwa kwenye misingi kwa miongo mingi, ni miongoni mwa sumu za kwanza zilizopigwa marufuku na Mkataba wa Stockholm wa 2001, kwa sababu hukaa udongoni miaka na kuingia katika miili ya ndege na watu. Zinafaa zaidi chumvi za boroni zilizopakwa kwenye mbao, na macho ya mtunza nyumba anayezunguka msingi kila juma akivunja vichuguu.

Nimefika kwenye jambo ninaloona ni kiini cha kazi yote: nyumba iwe na vitanda vingapi? Kwa kawaida mwekezaji huanza na hesabu ya mkopo. Anahitaji vyumba 12 ili benki ilipwe, basi anaongeza mabanda nyuma, anapanua kiwanja, anavuta bomba kutoka kijitoni. Mimi naomba hesabu ianzie kwenye paa.

Milimita 1 ya mvua ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba hutoa lita 1 ya maji. Amani hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Paa lenye mita za mraba 150 litapokea lita 300,000. Tuondoe sehemu ya tano kwa kurukaruka, kufurika na maji ya kwanza yanayooshea vumbi. Zinabaki 240,000, yaani lita 650 kwa siku tukizigawa mwaka mzima. Mgeni anayeoga kwa staha, pamoja na upishi na ufuaji wa shuka zake, tumpe lita 100. Paa limeshasema: wageni sita, na lita 50 za akiba. Vyumba vitatu. Matangi mawili ya lita 10,000 yatawabeba siku 30 bila tone, na milima ile ni nadra kukaa mwezi mzima mikavu kabisa.

Vyumba vitatu ni vichache, nakubali. Lakini ni vyumba vitatu ambavyo haviuombi mto hata ndoo moja. Na mto wenyewe ni Sigi, ambao maji yake hukusanywa katika bwawa la Mabayani na kunywewa na jiji la Tanga. Aliyeko juu anapochota bila hesabu au kumwaga uchafu, anayefungua bomba mtaani Ngamiani, jijini humo, ndiye anayepata habari. Ndiyo maana sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Majengo mengi ya kale yalijengwa kabla ya katazo hilo, na mengine yako ndani ya mita hizo. Yaliyopo yatunzwe, lakini karo jipya la maji taka lisichimbwe humo kwa hoja kwamba nyumba ilitangulia sheria. Maji ya kuogea na kufulia yapitishwe kwenye kitalu cha changarawe na matete kabla hayajaachiwa udongoni.

Sasa wapangaji walioingia kabla yetu. Popo wa darini wanaokula wadudu ni rafiki wa nyumba yoyote iliyo na mbu, ila hakuna mgeni anayetaka harufu ya mavi yao juu ya kitanda chake. Kuwafungia ndani ni ukatili, na pia ni kujitafutia mizoga ndani ya dari. Utaratibu mzuri uko hivi: kwanza wajengewe makazi mengine, sanduku refu jembamba la mbao lisilopigwa randa ndani, litundikwe juu kwenye ukuta wa pembetatu wa paa. Kisha, nje ya msimu wa kuzaa, tundu wanalotokea huwekewa kipande cha wavu kinachoning'inia, ili wakitoka jioni wasiweze kurudi. Majuma mawili yakipita bila popo, tundu huzibwa. Wengi wao huzaa mvua zinapoanza na wadudu kuwa wengi. Kipindi hicho waacheni kabisa, vitoto havijui kuruka. Anayesafisha dari avae barakoa nzuri, maana vumbi la mavi makavu huweza kuwa na kuvu wanaodhuru mapafu.

Bundi ni habari nyingine. Usambara ina bundi wake mkubwa, Bubo vosseleri, aliyepewa jina la Julius Vosseler, mtaalamu wa wanyama aliyefanya kazi Amani enzi za Wajerumani. Watu husafiri nusu ya dunia wakitumaini kumsikia. Kwetu wengi bado humfukuza bundi juu ya paa kwa hofu ya msiba. Sitaki kuidharau hofu waliyoturithisha wazee wetu. Nasema tu kwamba mwongozaji kijana akikaa usiku mmoja na mgeni aliyetoka mbali kwa ajili ya sauti ile, mazungumzo juu ya bundi yanabadilika hata nyumbani kwake. Yupo pia ndege mdogo mwenye mdomo mrefu, Artisornis moreaui, ambaye Reginald Moreau, aliyeajiriwa kituoni Amani, aliwawezesha wanasayansi kumtambua na kumwandika mwaka 1931. Anaishi kwenye mitambazi iliyosongamana pembezoni mwa msitu, ile ile ambayo mtunza bustani mwenye bidii huifyeka ili mandhari yaonekane. Acheni vichaka hivyo.

Taa. Taa nyeupe kali kwenye baraza huvuta nondo kwa maelfu, wakazunguka hadi kufa. Asubuhi kima na ndege wanajifunza kuja kula sakafuni. Tumieni taa za mwanga wa njano, chini ya kelvini 3,000, zilizofunikwa juu ili zimulike chini, na zizimwe watu wanapolala. Vioo vikubwa navyo huua: ndege huona msitu ndani ya kioo akaruka kuuingia. Nyumba za kale zina madirisha madogo yenye vibao, na hilo ni jambo jema, msilibomoe ili kupata mandhari. Mandhari yako barazani.

Kuhusu bustani, Amani ni shule yenye somo chungu. Miti iliyoletwa kwa nia njema ilitoka nje ya bustani. Msizi, Maesopsis eminii, ulipandwa na kusambazwa. Hondohondo na ndege wengine wakala matunda yake, wakapeleka mbegu hadi ndani ya msitu, na kila mahali magogo yalipokatwa msizi ukawahi nafasi. Kichaka cha Clidemia hirta kilichotoka Amerika kimejaza kingo za njia. Kwa hiyo nyumba ya wageni isilete ua hata moja la kitalu cha mjini. Ule urembo unaotafutwa madukani ulitoka hapa: ua dogo la zambarau linalopamba madirisha ya Ulaya, Saintpaulia, lilitoka katika milima hii mwishoni mwa karne ya 19, likabeba jina la ofisa Mjerumani aliyepeleka mbegu kwao. Kwenye mwamba wenye kivuli karibu na nyumba huenda limeshaota lenyewe. Msiling'oe kulipanda kwenye kopo.

Jikoni nitapita haraka. Nyumba inayojiita ya mazingira huku ikichoma kuni za msitu wa jirani inajidanganya na inamdanganya mgeni. Gesi ya mtungi, ingawa si kamilifu, ni afadhali. Umeme wa jua unafaa kwa taa na simu, mradi paneli ziwekwe mahali ambapo hakuna mti utakaokatwa ili kuondoa kivuli.

Nimezungumza juu ya msitu kana kwamba pale hakuna watu. Nyumba hizi zilijengwa juu ya ardhi ya Wasambaa iliyochukuliwa na dola. Amri ya Kaizari ya 1895 ilitangaza kwamba ardhi isiyothibitishwa kuwa na mwenyewe ni mali ya Taji, na wenyeji ndio waliotakiwa kuthibitisha. Mikono iliyobeba mawe yale ilikuwa ya babu zao. Uhifadhi wa siku zetu nao haukuwa bure kwao: katika ukanda wa Derema, kwenye milima hii hii, mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakulima wa iliki waliachishwa mashamba yao ili misitu miwili iunganishwe, na suala la fidia likachukua miaka. Mzee aliyepoteza shamba la iliki akiona nyumba ya Mjerumani inapakwa chokaa upya kwa ajili ya wageni, ana haki ya kuuliza yeye ana fungu gani humo.

Jibu lisiwe ajira ya kufua shuka peke yake. Kijiji kiwe na hisa kwa mkataba ulioandikwa kwa Kiswahili, uliosomwa mkutanoni, wenye kiasi kinacholipwa kwa kila usiku ambao kitanda kimelaliwa, hata kama nyumba haijapata faida. Chakula kinunuliwe kwao: maziwa yapo, kwani wafugaji wa milima ile wamekuwa wakipeleka maziwa Tanga kwa miaka mingi, chai, mdalasini, pilipili manga na karafuu zipo. Waongozaji wawe wa pale na walipwe bei moja inayojulikana.

Lakini wasitegemee nyumba hiyo peke yake. Mradi wa Vipepeo wa Amani uliwafundisha wanavijiji kufuga vipepeo na kuuza pupa kwenye maonyesho ya Ulaya na Marekani. Ulikuwa mradi mzuri kweli, uliompa mama wa kijijini fedha kwa kutunza miti anayolishia viwavi. Mwaka 2016 serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi, na vipepeo wakaingia katika katazo hilo. Soko likafungwa ndani ya siku moja. Miaka minne baadaye ugonjwa wa korona ukafunga viwanja vya ndege. Utalii ni mvua ya vuli, haina ahadi. Nyumba ya vyumba vitatu inayonunua mazao ambayo wakulima wangeyauza hata isingekuwapo haimwangushi mtu inapofungwa.

Na ukutani, mahali ambapo kwa kawaida huning'inizwa picha za chui, iwekwe historia ya nyumba bila kupunguzwa: nani aliijenga, kwa amri ya nani, ardhi ilikuwa ya ukoo gani, nani aliitunza wakati imesahaulika. Wazee wa kijiji waulizwe, wakubaliane na maneno yatakayoandikwa, na majina yao yawekwe wakiridhia wenyewe. Wageni wanaokuja kusikiliza msitu wanaweza kusikiliza na hili.

La mwisho ni la haraka kuliko yote. Sheria yetu ya Mambo ya Kale, ya 1964 na marekebisho yake, inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Nyumba za Amani, stesheni za reli, nyumba za mashamba ya katani na chai, zote zimejengwa baada ya hapo. Hazina ulinzi mpaka waziri azitangaze kwenye Gazeti la Serikali, na waziri hawezi kutangaza nyumba asiyoijua. Naziomba halmashauri za Muheza, Korogwe, Lushoto na Mkinga ziagize maofisa wa kata waandike nyumba hizo: iko wapi, paa likoje, nani ana ufunguo. Hiyo ni kazi ya daftari na pikipiki. Kwa zile zitakazoonekana paa limetoboka, bati na misumari vitangulie mpango wowote wa biashara, na vipigwe kabla ya masika ijayo, kwa sababu ukuta wa chokaa ulioachwa wazi juu huanza kumomonyoka kwenye mvua za kwanza tu, na mwekezaji atakayekuja baadaye atakuta rundo la mawe, kisha ataomba kiwanja kipya msituni.